Je, Mke Ana Mapato?

"Huyu mke ana mapato?"

Swali liliulizwa kwa sauti ya mnadi samaki, Ijumaa ya mwisho ya Juni, ndani ya saiba moja ya Malindi iliyofurika watu hadi barazani, na wala sikuulizwa mimi. Aliulizwa mume wangu. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, ncha ya buibui langu iko juu ya kibodi ya kijana wa kompyuta, fomu yangu ya P9 mkononi. Na mume wangu, nahodha ambaye akiita abiria Watamu husikika hadi Mida, alijikuna shingo akajibu chini chini, "Anayo kidogo."

Kidogo!

Kijana akanipokonya P9, akaiinua kwenye mwanga wa taa, akaipitia kwa kidole mpaka mstari wa mwisho. Akapiga mluzi. "Laki saba na nusu!" alitangaza. "Mama, kwenu kuna nafasi ya kazi?"

Foleni nzima ikanyamaza.

Kwa asiyewahi kuajiriwa, P9 ni karatasi ambayo mwajiri hukupa kila mwaka mpya uifanyie ritani. Ina mistari kumi na miwili, Januari hadi Desemba, na kila mstari unaonyesha ulicholipwa, ulichokatwa cha uzeeni, nafuu uliyopewa, na kodi iliyokwenda kwa serikali kabla mshahara haujakufikia. Chini kabisa kuna jumla. Jumla ya mwaka, jamani. Laki saba na nusu ukiigawa mara kumi na mbili unabakiwa na elfu sitini na mbili na mia tano, na hapo makasi hayajapita. Lakini kugawa hakuna sauti. Chenye sauti ni laki. Na nyuma yangu kwenye foleni ile alikuwepo jirani wa mavyaa wangu, mama wa Mambrui aliyekuja kuprinti fomu ya basari ya mjukuu wake. Nilimwona akiipokea ile khabari, akaikunja, akaihifadhi mahali salama. Fomu ya basari hakuiprinti tena siku hiyo. Alikuwa na haraka ya matatu.

Maghrib haijaadhiniwa, shangazi wa mume wangu alishapiga simu kuniuliza hali. Hajawahi kuniuliza hali. Aliuliza hali yangu, ya kazi, ya mwajiri wangu, kisha akaniambia kwa upole kwamba paa la nyumba yake upande wa kibla linavuja. Baada ya Isha akapiga ami mmoja ambaye kwenye harusi alikataa kabisa kunitazama. Ana wazo la kununua tuktuk na anatafuta mshirika mwenye moyo safi. Wifi yangu hakuomba kitu. Alinitumia tu picha ya friji.

Chanzo cha yote ni binamu wa mume wangu aliyeko Ohio. Tulipofunga ndoa Desemba, alituma pongezi pamoja na ujumbe wa sauti mrefu kuliko khutba ya nikahi yenyewe. Muhtasari wake: mmeoana, sasa faili ritani pamoja, serikali itawarudishia pesa. Na binamu hasemi uongo, ila anasema ya kwao. Marekani mume na mke wanaweza kuweka ritani moja. Mapato yao humiminwa chungu kimoja, na viwango vya kodi vya wenye ndoa ni vipana zaidi kuliko vya kapera, kwa hiyo mmoja akiwa na kingi na mwingine na kichache, wote wawili hupumua. Kinachohesabiwa ni hali yako tarehe 31 Desemba: ukioa usiku wa mwisho wa mwaka, kodi inakuhesabu umekuwa na mke tangu Januari. Hata bima ya afya ya kazini kule huitambua harusi kuwa tukio. Unapewa angalau siku 30 za kumwingiza mwenzio bila kungoja msimu wa kujiandikisha. Mume wangu alilisikiliza lile somo mara kwa mara, boti imeegeshwa, kusi inavuma, watalii hakuna. Mimi kila mwaka hufaili yangu mapema, peke yangu, kimya kimya, simuni. Mwaka huu nikaombwa nisubiri. Tufaili kwa pamoja. Ni sunna ya ndoa, alisema, na dalili sijaiona hadi leo.

Basi tukaenda, na hapo lazima niieleze fomu yenyewe, kwa sababu mimi ile fomu naipenda. Kazi yangu ni vitabu vya hesabu vya hoteli, na mtu wa vitabu akiona karatasi iliyopangwa na mtu mwenye akili moyo humlainika. Mwenye mshahara peke yake siku hizi ana njia ya mkato ya kujaza mtandaoni. Lakini mwenye biashara, na boti ni biashara, hupakua kitabu kizima cha Excel kutoka iTax, tovuti ya kodi ya serikali. Kurasa zake zimepewa herufi. A ni ya habari za mwenyewe, F ni ya mshahara, M ni ya kodi uliyokwisha kukatwa, T ndiyo kiama chenyewe, mahali hesabu zote zinapokutana. Uzuri wake ni kwamba hazionekani zote. Ukifungua A unaulizwa maswali ya ndiyo na hapana: una nyumba ya kupangisha? Una mkopo wa nyumba? Una bima? Kila "ndiyo" inaamsha ukurasa mwingine uliokuwa umelala, na mtu wa "hapana" nyingi anafika mwisho bila kujua kwamba amepita juu ya vyumba vilivyofungwa. Ukimaliza unabonyeza kitufe cha kuhakiki. Ukikosea, hakikugombezi, kinakuletea orodha ya makosa, na kila kosa ukiligusa linakupeleka kwenye kisanduku chake. Ukipatia, kitabu kizima kinajifunga kuwa faili dogo, unalipandisha iTax, unapewa risiti. Mimi naweza kukaa na kitu hicho usiku kucha na kahawa ya tangawizi.

Kompyuta ya saiba haikuwa na mapenzi hayo. Kwanza ilikataa makro, na bila makro fomu ni picha tu. Zikawashwa. Kisha skrini ikaganda. Tukasubiri, sisi na foleni, feni likizungusha joto lile lile. Nikawa natazama kaskazini dirishani na kuwaza kwamba hapo mbele kidogo, Ngomeni, kutoka jukwaa lililosimama baharini, Desemba 12, 1970 waliirusha setilaiti iliyoitwa Uhuru ikaenda kuchunguza miale ya nyota. Ilipaa, ikafika, ikafanya kazi. Sisi tulikuwa tunangoja ukurasa A.

Ulipofunguka ndipo lilipotokea swali. Liko pale kwenye habari za msingi: je, unataka kutangaza mapato ya mke? Ukijibu ndiyo, fomu inataka Pini ya mke, na kurasa za mbele zinaota safu mbili, ya mwenyewe na ya mke. Kijana akaitaka Pini yangu, nikaitaja, naye akairudia kwa sauti herufi kwa tarakimu kwa herufi ili asikosee, na jirani wa Mambrui, ambaye wakati huo bado hajaondoka, nadhani akaihifadhi nayo.

Nikamuuliza kijana, "Na mimi nikitaka kumtangaza yeye?"

Aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu tuingie. "Mama," alisema, bila ubaya wowote, "mume hatangazwi."

Nikachungulia mwenyewe. Kweli. Kisanduku cha mke kipo, kisanduku cha mume hakipo. Mwenye mshahara katika ile nyumba yetu ni mimi. Mapato ya boti, ukitoa mafuta, fundi, na miezi ya kusi ambayo hata kamba haifunguliwi, hayafiki 288,000 kwa mwaka, yaani hayafiki mahali kodi inapoanza kuuma. Lakini kwenye Excel yeye ndiye mwenyewe, na mimi ni safu.

Pesa za binamu sasa. Hesabu hii ni fupi na inapendeza. Kenya, elfu ishirini na nne za kwanza za mshahara wa mwezi hutozwa asilimia 10, yaani shilingi 2,400. Halafu kila mkaazi hupewa nafuu yake binafsi ya mwezi, na nafuu hiyo ni shilingi 2,400. Umeona? Kimoja kinafuta kingine pasibaki hata senti. Mwenye elfu ishirini na nne anatozwa, anasamehewa, anaondoka. Anayezidi hapo ndiye anayetoa: asilimia 25 kwa 8,333 zinazofuata, halafu asilimia 30, na tangu Julai 2023 wenye mamilioni wana ngazi zao za 32.5 na 35, nawaombea dua. Sasa mume wangu nafuu yake haimalizi. Nyingi inabaki, inalala, inakufa. Mwaka mzima ni shilingi 28,800. Laiti angenikopesha ile inayobaki! Hilo ndilo Wamarekani wanalolipata kwa mlango wa nyuma. Kwetu haiwezekani, nafuu ni ya mtu, haivuki kitanda. Kwenye ukurasa T safu ya mume inahesabiwa kivyake, ya mke kivyake, kisha zinajumlishwa. Kijana alijumlisha. Jumla ikawa ile ile ambayo ningeipata nyumbani, simuni, kimya kimya.

"Sasa nikimtangaza napata nini?" mume wangu akauliza.

"Hupati kitu," kijana akasema. "Lakini umemtangaza."

Tulicheka tukiwa ndani ya tuktuk. Nyumbani sikucheka. Nilikwenda nikaitafuta sheria, na ningependa kueleza nilichokikuta huko, na sitakieleza kwa ucheshi.

Sheria ya kodi ya mapato ya Kenya ilitungwa mwaka 1973 na kuanza kazi Januari 1, 1974. Kifungu cha 45 kiliandikwa hivi kimaana: mapato ya mwanamke aliyeolewa anayeishi na mumewe yatahesabiwa kuwa mapato ya mumewe. Hayakusemwa mapato ya familia. Ni ya mume. Na kwa kuwa mambo ya "anayeishi na mumewe" hubishaniwa, sheria ikafafanua: unahesabiwa unaishi naye isipokuwa mmetengana kwa amri ya mahakama, au kwa mkataba wa maandishi, au kwa namna inayoonyesha hamtarudiana. Kwa hiyo kama umegombana naye ukaenda kwenu Lamu kupunga hasira, mshahara wako umebaki kwake. Waingereza ndio waliokuwa na utaratibu huo. Mke alikuwa ukurasa ndani ya ritani ya mumewe mpaka Aprili 1990, walipoamua kila mtu abebe mzigo wake. Sisi tuliurithi pamoja na chai ya saa kumi. Baadaye sheria yetu ikalegezwa, mke akaruhusiwa kuweka ritani yake mwenyewe akipenda. Akaruhusiwa. Niamke alfajiri, nipande matatu ya Watamu, nikae na vitabu vya watu mpaka macho yaume, nikatwe kodi kabla sijauona mshahara, halafu niruhusiwe kusema ni wangu.

Nyanya zetu wa pwani hii walikuwa ndani ya vitabu vya kodi kabla hawajajua kusoma. Waingereza walipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1901 walihesabu vibanda, na kwa kuwa kila mke alikuwa na kibanda chake, mwanamke aliingia kwenye daftari akiwa ukuta na paa. Mwenye wake watatu alilipia nyumba tatu. Kodi hiyo ilikuwa mojawapo ya machungu yaliyowafikisha Wagiriama kwenye vita vya 1914, na aliyewaapisha watu kabla ya hapo alikuwa mwanamke mjane, Mekatilili wa Menza. Walimkamata wakampeleka magharibi ya nchi, akatoroka, akarudi pwani kwa miguu. Sanamu yake ipo hapa Malindi. Siku ile ya saiba tulipita karibu nayo tukiwa tunarudi, na mume wangu akasema, "Yule asingekubali kuwa safu." Hapo nilimsamehe ile "kidogo" yake. Kidogo.

Mengine yalifuata haraka.

Bima ya afya. NHIF ilianza 1966 na ikafa Oktoba 1, 2024, SHA ikaingia. Zamani mtu wa mshahara wangu alikatwa 1,300 kwa mwezi, na hata bosi wa mabosi hakuvuka 1,700. Sasa ni asilimia 2.75 ya mshahara mzima, haina dari, na kwangu ni shilingi 1,718 na senti 75. Mimi karani nakatwa zaidi ya alivyokatwa meneja mkuu wa enzi zile. Na kwa ajira hakuna cha chungu kimoja: mwenzangu wa mapokezi na mumewe mwalimu wanakatwa wote wawili, kila mwezi, kila mtu asilimia zake, ndoa yao moja. Serikali ikitaka kutuhesabu mtu mmoja, ni kwenye mapato. Ikitaka kukata, inakumbuka tuko wawili.

Kumwandikisha mume wangu kuwa mtegemezi wangu, na hapa angalau mume anaruhusiwa kuwa chini ya mke, kunahitaji cheti cha ndoa. Masheikh, mahari, mashahidi, biriani la watu wa Mambrui nzima, vyote si hoja. Tangu sheria ya ndoa ya 2014 kila ndoa yatakiwa iwe na karatasi, ya msikitini nayo. Cheti tulikuwa nacho. Kilikuwa kwa mavyaa, ndani ya kasha, chini ya kanga za sanda, na ufunguo kwa shangazi mwenye paa.

Mume wangu alipochomwa na samaki taa mguuni kabla hatujakipata, hospitalini kompyuta haikumjua kuwa ni mtu wangu. Tulilipa taslimu.

Mavyaa mwenyewe hana mwajiri, kwa hiyo yeye SHA humpima uwezo kwa maswali: nyumba ina ukuta gani, choo gani, unapikia nini, una mifugo mingapi, umeezeka nini. Nilimjazia mimi, kwenye simu, barazani kwake. Kwenye paa nikaandika makuti, maana ni makuti, yenye mjusi na historia. Pwani hii lakini makuti ni jambo tata. Piteni barabara ya Casuarina muone majumba ya Wataliano: bwawa la kuogelea, bustani, mlinzi na mbwa, na juu ya yote makuti, mapya, yaliyosukwa na mafundi wetu hawa hawa. Mabati kwetu ni ya mtu wa kawaida aliyechoka kubadilisha paa. Sijui aliyetunga swali lile ni wa wapi, lakini sidhani aliwahi kulala Malindi. Mavyaa alipata kiwango cha chini, shilingi 300 kwa mwezi, na kwa kuwa wasio na ajira hulipa ya mwaka kwa mkupuo, ikawa 3,600. Aliniangalia. Nikalipa. "Allah akuzidishie," alisema, "ingawa amekwisha kukuzidishia."

Ritani tulizifaili nyumbani, kila mtu na yake, siku moja kabla ya Juni 30, kwa sababu ukichelewa faini ya mtu binafsi huanzia shilingi 2,000. Ya mume wangu ilitoka sufuri safi. Kwenye swali la mke alijibu hapana, akaniomba radhi kabla ya kubonyeza. Yangu ilitoka na deni. Shilingi tatu. Hutokea hivyo: mwajiri anakadiria senti mwezi kwa mwezi, fomu inahesabu mwaka mzima, na tofauti inakujia wewe.

Shangazi alipopiga tena kuhusu paa, nikamwambia ukweli mtupu: nimefaili, na serikali inanidai. Hakuuliza kiasi. Nilisikia tu akivuta pumzi, akipiga hesabu ya kodi ya mtu wa laki saba na nusu kwa mwezi. Ami wa tuktuk hajapiga tangu siku hiyo. Wifi ameifuta picha ya friji. Na jana jirani wa mavyaa ametoka Mambrui na matatu ya asubuhi, amenibebea mahamri na mbaazi za nazi, ameniketisha kitako, akanishika mkono na kuniambia nisijali, deni ni deni, hata matajiri hulipa kidogo kidogo.